Bunduki ya .22: fedha zianzie kwenye risasi
Mkulima mwenye mtaji mdogo anayetaka bunduki ya .22 ya kukoki kwa mkono asikimbilie darubini ya bei kubwa. Kwanza akaze skrubu za kitako, kisha ajaribu risasi za viwanda vitatu au vinne kwenye shabaha ya mita 50, kwani kila mtutu una risasi yake. Itakayokusanya matundu karibu karibu ndiyo aendelee kuinunua. Kifyatulio amwachie fundi mwenye leseni. Nyuma ya shabaha pawe na tuta la udongo. Risasi hiyo ndogo huweza kufika zaidi ya kilomita 1. Nchini Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inadai leseni, nayo si kibali cha kuua wanyamapori. Faini humaliza faida ya msimu mzima.