Majina ya Mashamba Yasipotee

Mzee wa Mosocho, karibu na mji wa Kisii, akiulizwa shamba lake liko wapi, hataji nambari. Hutaja jina: la kijito, la mti uliokatwa zamani, au la babu aliyefyeka msitu mahali pale. Lakini katika hati ya shamba jina hilo halimo. Hati huonyesha sehemu ya uandikishaji, kama vile West Kitutu/Bogeka, kisha nambari, basi.

Utaratibu huu ulitiwa nguvu na sheria ya ardhi ya mwaka 1963, na sheria ya 2012 iliyoshika mahali pake imeuendeleza. Faida yake ni kubwa, kwani humpa mwenye shamba haki mbele ya mahakama. Walakini ramani ya ofisi huonyesha mipaka kwa kukadiria tu, isipokuwa ile iliyopimwa kamili. Tena baba akiwagawia wanawe shamba, nambari ya kale hufungwa na nambari mpya hufunguliwa. Ugomvi ukizuka, wazee huitwa waeleze mpaka, nao hueleza kwa majina. Mzee akifa na majina yake, wajukuu hubaki kugombania jiwe wasilojua lilikowekwa.

Basi yafaa majina hayo yaandikwe, tena yaandikwe sawasawa. Makarani wa zamani waliandika kama masikio yao yalivyosikia. Bonchari waliiita Wanjare, Machoge wakaiandika Majoge, na Getutu ikawa Kitutu mpaka leo. Bonchari na Bomachoge zimerudishiwa majina yao, kwa sababu ni majimbo ya uchaguzi yenye watu wa kuyasemea. Shamba la ekari mbili nani atalisemea?

Ugumu mmoja ni kwamba Ekegusii ina irabu saba, na herufi za kuziandikia ni tano tu. Majina mawili yaweza kufanana katika karatasi, hali mdomoni ni mbalimbali. Tena Ekegusii haina sauti ya "l". Karani mgeni akiitia mahali pa "r", jina limekwisha kugeuka.

Mwenye kuandika hana budi kwanza kumsikiliza mzee akilitamka jina mara mbili tatu, kisha amsomee alichoandika. Kando ya jina aandike maana yake, na mto au kilima kilicho jirani, ili majina yanayofanana yasichanganywe. Kiambishi cha mwanzo asikikate. Akikuta hati ina tahajia moja na daftari la ubatizo lina nyingine, asifute hata moja. Aziandike zote mbili, na kila moja ilikotoka. Tofauti ya herufi moja imekwisha kuwapeleka warithi wengi kula kiapo kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Yahitaji daftari, kalamu, kijana mwenye subira, na mzee angali hai. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.