AFYA YA NYUMBANI: Rovu Si Uchawi

Juma hili tuzungumze habari ya kitu kidogo kilichomo shingoni mwa kila mtu, baba, mama na mtoto. Hakiumi, wala hakuna anayekikumbuka mpaka siku kinapovimba. Kitu hicho ni tezi ya shingo, ambayo madaktari huiita thairoidi, na uvimbe wake ndio rovu.

Nimechagua habari hii kwa sababu maneno ya ovyo juu ya rovu bado ni mengi. Mmoja husema mgonjwa amelogwa. Mwingine husema ni laana ya ukoo, basi binti wa nyumba ile asiolewe. Na mama akizaa mtoto bubu au mzito wa akili, ndugu wa mume humtazama kwa jicho baya kana kwamba ametenda kosa. Kumbe huenda mama huyo alipungukiwa na kitu kidogo tu katika chakula chake, wala hakuna aliyemwambia.

Kwanza tujue tezi ni nini. Mwilini mna tezi za namna mbili. Ziko zenye mfereji wake, kama tezi za mate, za machozi na za jasho. Ziko pia zisizo na mfereji. Hizi humwaga maji yake moja kwa moja katika damu, na kitu kinachotoka humo huitwa homoni. Neno hilo alianza kulitumia mtaalamu Mwingereza Ernest Starling mwaka 1905, akilitoa katika Kigiriki, na maana yake ni kuamsha au kuchochea.

Homoni ni kama barua ya parokia inayopelekwa vigangoni. Basi moja huzibeba barua zote, lakini kila kigango hufungua ile iliyoandikiwa jina lake. Ndivyo damu inavyozichukua homoni kila mahali, na kila kiungo hupokea ile iliyo yake. Kongosho hutoa insulini, ambayo huusaidia mwili kuitumia sukari. Tezi zilizo juu ya figo ndizo zinazokupigisha moyo mbio unapokutana na nyoka njiani. Na chini ya ubongo iko tezi ndogo kama njegere, iitwayo pituitari, ambayo huziamrisha nyingine nyingi.

Tezi ya shingo kazi yake ni kuupa mwili mwendo: moyo upige sawasawa, mwili uwe na joto, mtoto akue, na ubongo wa mtoto ujengeke. Daktari wa Uswisi, Theodor Kocher, alilijua jambo hili kwa njia ya uchungu. Alikuwa fundi mkubwa wa kupasua rovu, lakini mwaka 1883 alieleza kwamba wengi wa wale aliowaondolea tezi nzima waligeuka kuwa wazito wa mwili na wa akili. Basi watu wakajua kwamba tezi hiyo haikuwekwa pale bure. Siku ya Noeli ya mwaka 1914, Edward Kendall wa Marekani alifaulu kuitenga homoni yenyewe, ikaitwa thairoksini.

Sasa sikilizeni vizuri. Homoni hiyo haitengenezwi bila madini joto, yaani ayodini. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 tu kwa siku. Ukijumlisha ya miaka 70 yote, haifiki gramu 4. Lakini usidharau kidogo hicho. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Yakipungua madini joto, pituitari huona homoni ni haba, ikaipigia kelele tezi ya shingo: "Fanya kazi! Fanya kazi!" Nayo tezi, maskini, hujitanua ili inase kila chembe inayopita. Ni kama mkulima ambaye ardhi yake imechoka, akaongeza shamba mwaka hata mwaka ili apate magunia yale yale. Kupanuka huko ndiko rovu. Hapo hapana mchawi.

Lakini rovu ni dalili ya nje tu. Hasara kubwa haionekani. Mtoto aliye tumboni hutegemea homoni ya mama yake kwanza, kisha madini joto anayokula mama. Mama akipungukiwa sana, mimba yaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa amekufa, au akazaliwa kiziwi, au mdumavu wa mwili na akili. Upungufu ukiwa mdogo, mtoto huonekana mzima, lakini darasani huachwa nyuma, nasi twamwita mvivu. Ndiyo maana mama mjamzito na mama anyonyeshaye wanahitaji zaidi, maikrogramu 250 kwa siku.

Huenda msomaji wa huku kwetu akasema, "Sisi watu wa ziwani twala samaki kila siku. Je, samaki hawana madini joto?" Swali zuri. Samaki wenye madini joto mengi ni wa baharini. Kwa miaka mingi mvua zimeyaosha madini hayo kutoka katika udongo na kuyapeleka baharini, nayo hukaa huko. Sangara, sato na dagaa wa Ziwa Nyanza ni chakula bora sana, lakini ni wa maji baridi, na madini joto yao ni kidogo. Tusiwategemee kwa jambo hili.

Na muhogo je? Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu huko Kongo, madaktari walipima watu katika miaka ya 1960. Kaskazini ya kisiwa zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu. Kusini-magharibi walikuwa wachache tu. Ajabu ni kwamba upungufu wa madini joto ulikuwa sawa pande zote mbili. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba muhogo ulikuwa na sehemu yake. Sumu ya muhogo mchungu, usipotengenezwa vizuri, huzuia tezi isinase madini joto. Hatusemi muache kula udaga. Twasema udaga uvundikwe siku za kutosha na uanikwe mpaka ukauke kabisa, kama bibi zetu walivyofundisha. Kuharakisha kwa sababu ya njaa au ya soko ni hatari.

Dawa ya mambo haya imo katika chumvi. Zamani wazee wa Usukuma walifunga safari ndefu kwa misafara mpaka Ziwa Eyasi kuchota chumvi. Leo twaipata dukani, na faida yake imezidi. Uswisi ilianza kuitia chumvi madini joto mwaka 1922. Kwetu Tanzania, katika miaka ya 1980, vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika wilaya zilizoathirika sana. Kisha katika miaka ya 1990 Serikali iliagiza chumvi ya kula itiwe madini joto. Matunda yalionekana. Katika miaka ya 1980 ilikadiriwa kwamba watoto wa shule 25 katika kila 100 walikuwa na rovu; uchunguzi wa mwaka 2004 ulikadiria 7. Lakini kulikuwa bado na wilaya ambazo watoto wengi walikuwa nalo. Basi kazi haikwisha.

Haya, mama na baba wa nyumba, yashikeni haya:

Kwanza, nunueni chumvi ya pakiti iliyoandikwa kwamba ina madini joto. Ile ya kupima kwa kikombe kutoka gunia lililo wazi yaweza kuwa haijatiwa, au imetiwa lakini jua na unyevu vimeyapoteza madini. Baba, usimwambie mama achukue ya bei rahisi ili ubaki na senti za pombe. Tofauti ya bei ni ndogo, na akili ya mwanao hainunuliki.

Pili, itieni katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua, unyevu na joto la mafiga. Msiioshe.

Tatu, itieni katika chakula mwishoni, sufuria inapokaribia kuipuliwa, maana joto jingi huyapunguza madini hayo.

Nne, msizidishe. Chumvi nyingi huleta shinikizo la damu. Kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku nzima kisipitwe. Twabadili chumvi, hatuongezi chumvi. Magadi nayo hayachukui nafasi yake.

Tano, mwenye uvimbe shingoni asikae nyumbani akingoja chumvi iuyeyushe. Rovu si la namna moja. Jingine hutokana na tezi kutoa homoni kupita kiasi: mtu hukonda, moyo humwenda mbio, mikono hutetemeka. Jingine ni vinundu, na mara chache ni saratani. Aende zahanati, nao wakiona lazima watampeleka hospitali kubwa kama Bugando. Kuchanja shingo kwa wembe hakujaponya mtu. Kumewaletea wengi vidonda. Mficha ugonjwa, kifo humuumbua.

Na ikiwa jirani yako ana mtoto bubu au asiyeelewa upesi, usiseme mama yake alilogwa au alikosea miiko. Mpeleke mwenzako kliniki tangu mimba ya kwanza ingali changa, na mpatie pakiti ya chumvi njema kama hana senti. Hayo yatafaa kuliko maneno yote ya kisimani.

Jioni ya leo, kabla ya kupika, itazameni chumvi iliyomo jikoni mwenu. Tukijaliwa, tutazungumza tena juma lijalo.

Karani wenu, Buzuruga