Msamaha Usio Halali Katika Gofu

Miongoni mwa kanuni za gofu zinazoeleweka vibaya, hakuna inayoleta madhara kama ile ya mpira uliosimama karibu na shimo, kwa sababu kosa lake hufanywa kwa nia njema na kwa jina la adabu. Mchezaji ambaye mpira wake umebakiza inchi chache huambiwa na mwenzake auokote, naye huuokota, hujihesabia mkwaju mmoja, yaani pigo moja la fimbo, na wote wawili huendelea wakiamini kwamba wametendeana kiungwana.

Uungwana huo una mahali pake. Katika mchezo wa ana kwa ana, ambamo wachezaji wawili hushindania shimo moja baada ya jingine, anayesamehe mkwaju hutoa kilicho chake, na kanuni zinamruhusu. Lakini katika mchezo wa kuhesabu mikwaju, unaotumika katika mashindano mengi, jumla ya kila mmoja kwa mashimo 18 hulinganishwa na ya washindani wote, wakiwemo waliotangulia kucheza na ambao hawakushuhudia lolote, na kwa hiyo msamaha wa watu wawili hulipwa na wasiokuwepo. Ndiyo maana anayeacha kuutumbukiza mpira shimoni, kisha akaanza shimo linalofuata bila kurekebisha kosa hilo, huondolewa mashindanoni. Na wanaokubaliana kupuuza kanuni wanayoijua huondolewa wote. Adhabu hiyo ni kali, na inastahili kuwa kali, kwani katika gofu kwa kawaida hakuna mwamuzi anayemfuata mchezaji, bali mchezaji mwenyewe ndiye hutakiwa kujitoza adhabu.

Kijana wa Kibaha au Kisarawe anayevutiwa na mchezo huu kwa kawaida huelekea Dar es Salaam, kwenye viwanja vya Gymkhana au Lugalo, ambacho ni cha Jeshi la Wananchi, na huko mengi hujifunza kwa mdomo kutoka kwa wachezaji wakongwe na makedi, yaani wanaowabebea wachezaji fimbo. Elimu ya mdomo ina thamani kubwa, ila huchelewa kupokea mabadiliko. R&A ya Uskoti na USGA ya Marekani, vyombo vinavyotunga kanuni za gofu duniani, vilibadilisha mengi kuanzia Januari 1, 2019: muda wa kutafuta mpira ulipunguzwa kutoka dakika 5 hadi 3, na mpira unaogonga mlingoti wa bendera ulioachwa shimoni ukaacha kuleta adhabu.

Dakika hizo 3 zina uzito wa pekee wakati wa masika, nyasi zinapokuwa ndefu. Zikishapita, mpira huhesabiwa kuwa umepotea hata ukionekana muda mfupi baadaye, na mchezaji hurudi alikopigia na kuongezewa mkwaju mmoja wa adhabu. Anayehofia hasara hiyo anaweza kupiga mpira wa tahadhari kabla ya kwenda kutafuta, lakini ni lazima atamke wazi kwamba ndio huo. Akinyamaza, mpira wa pili ndio unaokuwa mchezoni, na wa kwanza hauna kazi tena.

Wengine huamini pia kwamba aliye mbali zaidi na shimo ni lazima apige kwanza. Katika mchezo wa kuhesabu mikwaju, aliye tayari anaruhusiwa kutangulia, na hata kuhimizwa, ili mradi ni salama na hakuna makubaliano ya kumpa mmoja nafuu.

Shule zenye viwanja vipana, kama zile za Shirika la Elimu Kibaha na ile ya Minaki wilayani Kisarawe, zinaweza kuufundisha mchezo huu hata bila uwanja kamili, kwa fimbo chache na shimo moja. Zikiamua hivyo, somo la kwanza liwe kuhesabu mikwaju kwa uaminifu na kuiandika kwenye kadi, kabla mwanafunzi hajaonyeshwa namna ya kushika fimbo.