Mhandisi Aitwe Kabla ya Mkataba

Wananchi wenzetu, wapenda mageuzi na waumini, lipo jambo ambalo tumewaachia wakubwa kwa muda mrefu mno kwa kisingizio kuwa ni la kitaalamu. Ni hili la kupanua na kujenga upya hospitali zetu. Sisi tunasema kwamba ni jambo la haki, kwa kuwa hospitali hujengwa kwa kodi zetu, na mgonjwa anayerudishwa mlangoni ni wa kwetu.

Mwaka 2015 serikali kuu ilitia saini mikataba ya kukodi mitambo ya tiba kwa miaka 7. Hospitali mbili katika kila kaunti, pamoja na chache za kitaifa, zilikusudiwa kupata vyumba vya upasuaji, mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, vifaa vya wagonjwa mahututi na mitambo ya eksirei. Magavana kadhaa walikataa kutia saini mwanzoni, wakilalamika kuwa mikataba yenyewe hawakuonyeshwa. Hatimaye wakatia. Kila kaunti ikawa inakatwa shilingi milioni 95 kwa mwaka, kisha makato yakapandishwa hadi milioni 200: kiasi kile kile kwa wote, hospitali iwe na umeme wa kutosha au isiwe nao.

Hatukatai kwamba haja ilikuwapo, wala hatusahau kuwa wapo waliookolewa na mitambo hiyo. Lakini kamati ya Seneti iliyochunguza mpango huo ilitoa ripoti kali mwaka 2020, na mambo yakawa bayana. Katika baadhi ya hospitali mitambo ilikuwa imelala bila kazi. Hapa umeme ulikuwa haba, pale maji hayakufika, kwingine hapakuwa na chumba kilicho tayari wala mtaalamu wa kuiendesha. Mitambo ililala, makato hayakulala.

Hayo yangeweza kujulikana mapema, na mtu wa kuyajua alikuwapo. Mhandisi mshauri ni yule anayeajiriwa na mwenye jengo, si na mkandarasi, ili apime, achore na kutahadharisha. Angeuliza maswali ambayo mwanasiasa mwenye haraka ya kukata utepe hayaulizi. Mgonjwa mmoja wa figo, akiwa kwenye mashine kwa saa nne, hutumia lita zipatazo 120 za maji yaliyosafishwa kwa namna ya pekee. Yatatoka kisima gani, na umeme ukikatika pampu itasukumwa na nini? Kuta za chumba cha eksirei zitazuia miale isimfikie mama aliyeketi na mtoto nje ya mlango? Mabomba ya oksijeni yatapita wapi? Na hospitali inayojengwa upya haifungwi kama duka: wagonjwa watahamishiwa wodi ipi wakati nyaya na mabomba ya zamani yanang'olewa? Kosa likiwa bado kwenye mchoro husahihishwa kwa kifutio. Zege likishakauka, husahihishwa kwa nyundo na kwa fedha za umma.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya nchi maskini peke yake. Ujenzi wa hospitali mpya ya Royal Liverpool, nchini Uingereza, ulianza mwaka 2014, nayo ilitarajiwa kufunguliwa 2017. Kampuni iliyokuwa ikiijenga, Carillion, ilifilisika Januari 2018. Wahandisi wengine walipoitwa kukagua, walikuta kasoro kubwa katika muundo wa jengo, ikabidi sehemu zilizokwisha kujengwa zifumuliwe na kutiwa nguvu upya. Wagonjwa waliingia mwaka 2022. Wahandisi hawakukosekana Liverpool tangu mwanzo. Kwa hiyo hatudai mhandisi wa mapema tu. Tunadai mhandisi wa mapema asiyelipwa na yule anayemkagua, na ambaye ripoti yake haifungiwi kabatini.

Waumini wanaukumbuka mfano katika Injili ya Luka wa mtu aliyeanza kujenga mnara pasipo kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Yule alichekwa na majirani tu. Anayejenga hospitali hivyo hachekwi, maana majirani wako kwenye foleni.

Basi kaunti itakapotangaza kikao cha wananchi kuhusu bajeti, twendeni, na vikundi vya parokia viende, tukiwa na maswali yaliyoandikwa. Ni mhandisi gani aliyepima hospitali yetu kabla ya zabuni kutangazwa? Amesajiliwa na Bodi ya Wahandisi? Alisema nini kuhusu maji, umeme na majitaka, na ripoti yake iko wapi? Wakikataa kujibu, Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinatupa haki ya kupata habari, na sheria ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma itoe uamuzi wake ndani ya siku 21 tangu kupokea ombi. Barua ipelekwe kwa mkono, na nakala yake igongwe muhuri wa siku ilipopokelewa.