Kiharusi: kabla mgonjwa hajarudi nyumbani, aelezwe hatari ya kuanguka

Mgonjwa wa kiharusi, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita AVC, anapoanza tena kutembea, familia inashangilia. Ni haki yao. Lakini siku hizo za furaha ndizo pia siku za hatari, kwa sababu hamu ya kutembea inarudi mbele ya nguvu za mguu.

Kuanguka baada ya kiharusi si bahati mbaya, wala si mkono wa jirani. Sababu zake zinajulikana: upande mmoja wa mwili umelegea, pengine macho hayaoni vizuri upande huo, na dawa za tension zinaweza kuleta kizunguzungu mtu anapoinuka haraka. Kuna sababu nyingine isiyozungumzwa sana: ubongo ulioumia unaweza kumficha mgonjwa udhaifu wake mwenyewe. Anaamini kweli kwamba atafika chooni peke yake. Huo si ukaidi. Ndiyo maana kumwambia tu "ujichunge" hakutoshi.

Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linakadiria kwamba kuanguka kunaua watu 684 000 kila mwaka duniani, zaidi ya 80 % wakiwa katika nchi zenye mapato ya chini na ya kati. Huku kwetu, ongeza mawe ya volkano kule Goma, miteremko ya Bukavu, choo cha nje, na umeme unaokatika usiku. Nyonga ikivunjika, mgonjwa anarudi kitandani kwa miezi, na jamaa iliyokwisha kuuza mali inatafuta tena pesa za hospitali.

Tunachoomba hakihitaji mashine. Kabla ya kumruhusu mgonjwa, mganga wa kinesiterapia aketi naye pamoja na ndugu atakayemtunza. Amwulize: "Usiku ukitaka kwenda chooni, utafanya namna gani?" Kisha amwombe aonyeshe, kutoka kitandani mpaka kwenye kiti. Tofauti kati ya jibu na kitendo itawafundisha wote watatu. Wakuu wa afya wa majimbo wanaweza kuifanya hatua hii kuwa lazima katika kila hospitali.

Nyumbani pia kuna kazi: taa au tochi karibu na kitanda, ndoo ya usiku, viatu vinavyoshika kisigino, mikeka inayoteleza iondolewe. Mgonjwa aketi kwanza kidogo kando ya kitanda kabla ya kusimama, na anayemsaidia asimame upande uliolegea.

Lakini tusimfungie kitandani kwa woga. Mwili usiotumika unazidi kulegea, na siku utakaposimama utaanguka kwa urahisi zaidi. Mgonjwa atembee kila siku, akiwa na mtu kando yake, na akijua wazi ni wapi mguu wake bado hauwezi.