Kabla ya Rangi, Toa Pampu

Wasee, hii tabia ya kutupa leso juu ya tangi la samaki halafu mnaita fundi wa rangi, tuache. Haisaidii kitu.

Maji ya El Nino ya 2023 yalipotoka hapa Garsen, nilibaki na ngege wanne na kambare mmoja kutoka dimbwi la nyuma ya nyumba. Kuta zilikuwa zimeoza, kwa hivyo fundi akaja na rangi ya mafuta na thina. Mimi nikafunika tangi na leso, nikajiona mjanja. Pampu nikaiacha palepale inanguruma.

Sasa, pampu inavuta hewa gani? Ya chumba. Chumba kikinuka thina, wewe mwenyewe unawapelekea samaki thina kwa mpira, usiku kucha. Kuizima nayo si jibu, maana kwa joto letu maji hushika oksijeni kidogo. Itoe nje penye hewa safi, nunua mpira mrefu, ndio ufunike tangi na nailoni. Ama uwahamishe kwa ndoo hadi kwa jirani, vile mamangu alisema nikamcheka.

Na msiniambie kambare hafi. Kambare hupanda juu kumeza hewa, kama kamongo. Kwa matope hiyo ndiyo inamwokoa. Kwa chumba cha rangi mbichi, anameza ule mvuke wenyewe.

Wangu ndiye alitangulia. Ngege walifuata kabla ya adhuhuri.