Neno "Kabla ya Historia" na Mawe Yetu

Maneno ni vyombo, na chombo kibovu huharibu kazi njema. Katika vyombo tulivyoazima kwa ajili ya kusomesha mambo ya kale, pana kimoja ambacho nataka kukishtaki mbele ya wasomaji wa jarida hili. Ni maneno matatu tu: "kabla ya historia". Tumeyatia katika vitabu na katika mihadhara yetu wenyewe bila ya kuyauliza yametoka wapi wala yamekuja kufanya nini. Nasema kwamba maneno haya ni ya uwongo kwa maana yake na ni ya dhuluma kwa matumizi yake. Na kwamba mwalimu wa Kiswahili, ambaye kazi yake ni kupima maneno, atakuwa na sehemu kubwa ya lawama iwapo yataendelea kutumika.

Asili yake haifichiki. Wataalamu wa Ulaya wa karne ya 19 waliukata wakati wa binadamu vipande viwili, na kisu chao kilikuwa maandishi. Palipo na herufi, walisema, pana historia. Pasipo na herufi, hapana. Kisu hicho kilipoletwa kwetu kilikata vibaya. Sehemu kubwa ya bara la Afrika ya Mashariki haikuandikwa habari zake mpaka karne hiyo hiyo ya 19. Basi kwa hesabu yao, babu wa babu zetu walioishi miaka 200 iliyopita, waliolima, waliooa, waliohukumiana na kuzikana kwa sheria, wametiwa katika chungu kimoja na watu wa miaka laki mbili iliyopita. Hesabu gani hii isiyotofautisha jana na mwanzo wa dunia?

Mwaka 1963, Hugh Trevor-Roper, profesa wa historia wa Oxford, alitoa mihadhara ambamo alidai kwamba katika Afrika ipo historia ya Wazungu tu, na yaliyosalia ni giza. Wasomi wa Afrika walimjibu kwa ghadhabu, na haki walikuwa nayo. Walakini, faida gani kumkasirikia bwana yule na huku tunatumia kamusi yake? Anayesema "kabla ya historia" kwa habari ya watu wasioandika amekwisha kukubali nusu ya neno la profesa, hata akilaani nusu ya pili kwa sauti kubwa.

Tena Kiswahili chenyewe hakikuhitaji kuingia katika mtego huo. Wakubwa wetu walipotaka kuandika mambo yaliyopita walikuwa na neno "habari". Abdallah bin Hemedi bin Ali alipoandika juu ya watawala wa Usambara, kitabu chake kilipewa jina la Habari za Wakilindi. Jina hilo lina hekima. Habari ni kitu kilichopashwa: yuko aliyeona, yuko aliyesema, yuko aliyesikia, na mwisho yuko aliyeandika. Kalamu huja mwisho, haiji mwanzo. Jaribu sasa kusema "kabla ya habari", uone kama ulimi wa Mswahili utakubali. Hautakubali, kwa sababu tangu watu wawili walipokutana penye maji, habari ilikuwapo.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mabishano ya maneno, na maneno hayavunji mfupa. Nitamweleza yanachovunja. Katika darasa langu moja niliwataka wanafunzi waandike insha juu ya mambo ya kale ya kwao. Wa pwani waliandika upesi: misikiti ya matumbawe, makaburi ya mnara, Kilwa na Gedi. Mmoja aliyetoka Malolo, upande wa Mikumi katika wilaya ya Kilosa, alirudisha karatasi yenye mistari miwili. Aliandika kwamba kwao ni mashamba ya vitunguu na mifereji, na historia haikufika. Hakuandika kwa uvivu. Katika kazi zote nyingine alikuwa hodari. Aliandika alichofundishwa. Kijana amepita shule ya msingi, sekondari, akaingia Chuo Kikuu, na mzigo alioubeba ni kusadiki kwamba ametoka mahali pasipo na jana. Hiki ndicho kinachovunjwa na maneno matatu.

Kwa ajili hiyo, na kwa ajili ya wenziwe, tulifanya safari ya kwenda kuona mawe. Njia ya kutoka Mikumi huteremka katika bonde la Ruaha, penye mibuyu mingi, ikapita karibu na huko huko Malolo, kisha ikapanda milima ya Kitonga mpaka Iringa. Kiasi cha kilomita 20 mbele ya mji wa Iringa, kwa njia ya Mbeya, lipo korongo la Isimila. Hapo tuliacha gari tukaenda kwa miguu, na sharti iwe kwa miguu, maana anayetazama kwa dirishani haoni kitu kilicho chini ya soli yake.

Isimila ina mambo mawili. La kwanza ni nguzo ndefu za udongo na mchanga, zimesimama ndani ya korongo kama walinzi waliosahauliwa zamu. La pili ni mawe yaliyochongwa, yaliyotapakaa katika vijito vikavu. Nguzo hazikujengwa na mtu. Mvua na maji yapitayo yalikula udongo laini yakaacha ule mgumu. Mawe yalifanywa na watu. Nayo yanajulikana kwa wataalamu tangu mwaka 1951, na F. Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake walichimba hapo mwaka 1957 na 1958. Waliona mashoka ya mkono yasiyo na mpini, vyombo vya kukatia na vya kuparuzia, pamoja na mifupa ya viboko wa aina ambayo haipo tena duniani. Makadirio yaliyotolewa mwaka 1972, kwa kupima madini ya urani katika mifupa, yalitaja kiasi cha miaka 260,000.

Sasa tazameni wageni wanafanya nini hapo, wenyeji na wa mbali pia. Hupita juu ya mashoka upesi upesi, wakayaita mawe tu, wakaenda kupigwa picha penye nguzo. Hustaajabia kazi ya mvua wakakanyaga kazi ya mkono. Na kwa nini wasifanye hivyo? Wameambiwa tangu utoto kwamba aliyeishi kabla ya maandishi hakusema kitu. Lakini lichukue shoka moja la Isimila, ulitazame kwa utulivu, kisha ulirudishe pale pale. Pande zake mbili zimelingana. Aliyelichonga alichagua jiwe lifaalo kuchongwa, akaliona shoka ndani ya jiwe kabla ya kupiga pigo la kwanza, akapiga huku na huku, akageuza, akapima kwa jicho, akaacha palipotosha. Alijifunza kwa mtu, na huenda alimfundisha mtu. Ikiwa nia, kipimo, ufundi na urithi wa mafunzo si historia, basi nipewe historia nyingine niione.

Si mbali na hapo iko Kalenga, ngome ya Mkwawa. Ukuta wake nao ulikuwa wa mawe, na Wajerumani waliuangusha kwa mizinga mwezi wa Oktoba 1894. Hapana mtu hata mmoja aitaye Kalenga "kabla ya historia". Sababu ni nini? Wahehe wa siku hizo hawakuwa na maandishi yao kuliko watu wa Isimila. Sababu ni kwamba maofisa wa Kijerumani waliandika jinsi walivyoivunja. Angalieni basi kanuni tuliyoikubali: jiwe la Mwafrika huingia katika historia siku linapobomolewa na mtu mwenye kalamu. Kanuni ya namna hii haiwezi kuitwa elimu. Ni cheti cha mvunjaji.

Wako watakaonipinga, nami nawapokea kwa zamu. Wa kwanza atasema: watu wa Isimila si babu zetu, mifupa yao wenyewe haikuonekana hapo, na huenda hawakuwa watu wa umbo letu kamili. Namjibu kwamba sikusema walikuwa Wahehe wala Wasagara. Kuwavika kabila la leo ni uwongo wa namna nyingine, nao hautusaidii. Nasema tu kwamba waliishi kwa akili mahali hapa, na habari yao imeandikwa katika kitu kigumu kuliko karatasi. Wajibu wetu ni kuisoma, si kuimiliki.

Wa pili atasema: mawe yanayostahili heshima ni yale ya wafalme na miji, na bara halikuwa nayo. Huyu amefungwa macho mara mbili. Huko Lothagam Kaskazini, magharibi ya Ziwa Turkana, wachungaji walijenga mahali pa maziko, wakasimamisha nguzo za mawe, kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita. Watafiti walioeleza habari zake mwaka 2018 wanakadiria kwamba wamezikwa humo watu wasiopungua 580, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto, na karibu kila mmoja ana pambo lake. Hapana dalili ya mfalme. Hawa hawakusubiri mtawala wa kuwaamuru, walikubaliana. Msomaji na aseme ni lipi lililo gumu zaidi, kuamrishwa au kukubaliana.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni Engaruka, chini ya kingo za Bonde la Ufa katika mkoa wa Arusha. Hapo wakulima walioishi baina ya karne ya 15 na ya 18 walipanga mawe juu ya ardhi ya kiasi cha hekta 2,000: kuta za mashamba, matuta, misingi ya nyumba, na mifereji iliyochukua maji ya vijito vya mlimani mpaka penye mtama. Wageni walioandika juu ya magofu ya bara walikuwa wepesi wa kuyapachika kwa taifa lililotoka mbali. Mwaka 1933 G. W. B. Huntingford aliandika juu ya ustaarabu wa "Azania" huko Kenya, na jina hilo likazunguka muda mrefu. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha jambo lililo rahisi na zuri zaidi: Engaruka ni kazi ya wakulima wa hapa hapa, waliojua kuongoza maji.

Nani katika darasa langu alielewa Engaruka kwanza? Ni yule kijana wa Malolo. Kwao maji ya Mto Mwega hugeuzwa yakaenda mashambani. Anajua mfereji ukilala sana hujaa mchanga, na ukiinama sana hukata ardhi. Anajua zamu ya maji, na ugomvi wa anayeiba zamu. Nilipochora mifereji ya Engaruka ubaoni, wenziwe waliona mistari. Yeye aliuliza aliye mwisho wa mfereji alipata maji siku gani. Hilo ndilo swali la mwanahistoria. Alikuwa nalo tangu nyumbani, na sisi tulimfundisha kwamba kwao hapana kitu.

Mpinzani wa tatu ni mwenzangu katika idara za lugha. Atasema kwamba mawe ni kazi ya wachimbaji, na sisi tuendelee na tenzi na sarufi. Namwuliza: nani aliyeyatunga maneno "kabla ya historia" kwa Kiswahili, mchimbaji au mfasiri? Nani aliyeacha "zama za mawe" yakawa matusi, hata mtu akitaka kumdharau jirani yake humwambia kwamba anaishi zama hizo? Kosa lilifanyika katika nyumba yetu. Huko Dartmoor, kusini-magharibi ya Uingereza, kuna safu na duara za mawe katika nyika yenye upepo. Waliozisimamisha hawakuandika herufi moja. Hata hivyo Mwingereza huvaa viatu vyake akaenda kuzizunguka, wala hapana amwambiaye kwamba nchi yake ilianza siku Warumi walipofika na wino. Asiyeandika wa kwao huheshimiwa kwa mawe yake; asiyeandika wa kwetu hunyimwa hata jina.

Kwa hiyo nataka mambo matatu. Kwanza, tuyatoe maneno "kabla ya historia" katika mafunzo yetu, na mahali pake tuseme "kabla ya maandishi". Neno hili hueleza kipimo; lile hutoa hukumu. Pili, mwanafunzi wa Kiswahili apelekwe Isimila, Engaruka na kwenye michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, kama apelekwavyo Kilwa. Aende kwa miguu, na atoke mikono mitupu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ipo, na jiwe lililoondolewa mahali pake ni neno lililong'olewa katika sentensi. Tatu, wanafunzi wa mahali kama Malolo wakusanye msamiati wa maji na mawe kwa wazee wa kwao, kila jina la mfereji, la tuta na la zamu, kabla ya saruji kuyafukia majina hayo pamoja na mifereji ya zamani.

Wahenga walisema asiyekujua hakuthamini. Mgeni asipotuthamini ana udhuru wa kutojua. Sisi tunaokaa juu ya mawe haya, tukayapita kila siku, tukawafundisha watoto wayapite, hatuna udhuru huo.